Gari inavuja oili: uingie chini mwenyewe, umpe fundi wa mtaani, uipeleke gereji kubwa, au uwe unaongeza tu?

Asubuhi unatoa gari unakuta doa jeusi kwenye pevingi, mwenye nyumba ameliona kabla yako na ameshaanza kununa. Hapo kichwani zinaanza kelele. Moja inasema we si unajua kushika spana, ingia chini umalize. Nyingine inasema mpigie yule fundi wa pale kwenye mwembe. Nyingine inasema acha ubahili peleka gereji ya maana. Na ya mwisho, ambayo ndo huwa inashinda, inasema aah, tone moja tu hilo, ongeza oili twende kazini.

Mi zote nne nimezipitia, na gari ni ileile moja, Toyota IST ya cc 1500, injini ya 1NZ, ndo hiyohiyo unayoikuta kwenye Probox, Raum na Fielder nyingi hapa Dar. Kwa hiyo mifano mingi humu ni ya hiyo injini. Kama una Subaru au gari ya Kijerumani soma tu, ila kuna mahali nitakwambia usinifuate.

Nilichojifunza ni kwamba miaka yote nilikuwa najiuliza swali la kijinga: "hii naiweza?" Kumbe swali ni mawili, oili inatokea wapi, na nikiharibu itaniuma kiasi gani. Kuna mvujo ambao ukikosea unarudia kesho na hujapoteza kitu, na kuna mwingine ukikosea unanunua injini.

Kwanza kabisa, ujue inatokea wapi

Usichague chochote kabla ya hapa. Hata hela ya fundi usiitafute.

Hakikisha ni oili ya injini. Weka boksi jeupe kwa ndani chini ya gari usiku, asubuhi angalia. Oili ya injini ni kahawia au nyeusi na inateleza vidoleni. Ikiwa nyekundu hiyo mara nyingi ni ya giaboksi ya automatiki. Ya kijani au pinki, inayonukia kama kitu kitamu, ni kulanti ya radieta. Maji meupe yasiyo na harufu upande wa abiria ni AC tu, nenda kalale. Ikiwa nyepesi ya manjanomanjano karibu na tairi au chini ya pedeli, hiyo ni ya breki, na hapo usiendeshe, habari ya oili weka pembeni.

Halafu tofautisha kuvuja na kula. Kama oili kwenye stiki (kile kijiti cha kuipimia) inashuka kila wiki na boksi chini liko kavu kabisa, gari haivuji, inaichoma ndani, muombe mtu akufuate nyuma aangalie kama unatoa moshi wa bluu. Hakuna gasketi ya nje itakayokusaidia hapo, na wapo watu wamebadilisha gasketi tatu kwa sababu hii tu.

Ikithibitika inavuja, osha injini. Narudia, osha. Sabuni ya kuondoa grisi, brashi, maji ya wastani, funika alternata (inayochaji betri) na koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi) kwa mfuko wa plastiki, na usitumie petroli tafadhali, injini ina moto na waya. Ikikauka chukua poda ya mtoto, ile ya kawaida kabisa ya dukani, nyunyiza sehemu unazozishuku, zungusha gari kilomita kama kumi kisha fungua boneti. Poda iliyolowa inakuonyesha mstari. Fuata mstari kwenda JUU, maana oili inateremka, na gari ikiwa mwendo upepo unaisukuma nyuma, kwa hiyo unapoona inadondokea sio inapotokea. Hili ndo kosa namba moja la watu wote, mafundi wakiwemo.

Kwa hizi injini za kawaida, sehemu zenyewe ni kama hizi, kutoka rahisi kwenda ngumu: bolti ya kumwagia oili chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) na washa yake, filta, swichi ya presha ya oili (hii huwa inavujia mpaka ndani ya plagi yake ya waya), gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa injini) pale juu, sampu yenyewe, halafu unaingia kwenye ubaya, oili sili (mpira wa kuzuia oili) ya mbele nyuma ya puli ya krenki (shafti kuu ya injini), kava ya cheni, na mama yao wote oili sili ya nyuma iliyoko kati ya injini na giaboksi.

Na kabla hujanunua gasketi yoyote chomoa valvu ya PCV (kakitu ka kupumulia injini) uitikise. Ikilia kachakacha bado nzima. Ikiwa kimya imeziba, injini inakosa pa kupumulia, presha inajaa ndani na inatafuta sehemu dhaifu itokee. Unaweza kubadili gasketi leo mwezi ujao ikavuja tena kwa sababu ya hako kakitu.

Vigezo nitakavyotumia

Nimepima kila njia kwa mambo yaleyale: hela (yote, sio ya gasketi tu), muda na vifaa, hatari ukikosea, uhakika kwamba imepona, na mwisho inamfaa nani. Bei kamili sikuwekei, zinabadilika kila ukivuka barabara pale Kariakoo, na gasketi ya kava ukiulizia OG (orijino) na ukiulizia ya kawaida ni kama unaulizia vitu viwili tofauti.

1. Kufanya mwenyewe

Hela. Watu wanadhani ni bure. Spea kweli ni ndogo, gasketi ya tapeti kava, tyubu ya silikoni nzuri, washa ya bolti, labda na oili mpya na filta kama unagusa chini. Injini ya 1NZ inachukua kama lita 3.7 ukibadili na filta, kwa hiyo galoni moja ya lita nne inatosha na inabaki kidogo. Kinachouma ni vifaa vya mara ya kwanza: soketi seti, racheti, jeki nzuri, stendi mbili (miguu ya chuma ya kushikilia gari ikiwa juu), na kama hela inaruhusu toki renchi, ile spana inayolia "kli" ikifika. Ukivinunua kwa kazi moja tu umepata hasara, ila ukiwa mtu wa kushikashika gari yako kila mara vinajilipa haraka.

Muda na vifaa. Fundi mzoefu tapeti kava ya IST anaifanya ndani ya saa moja na stori juu. Wewe mara ya kwanza weka nusu siku. Kazi yenyewe haina uchawi: unatoa plastiki ya juu, unachomoa koili nne (bolti namba 10 kila moja, piga picha kwa simu kabla hujachomoa waya wowote), unatoa bolti na nati za kava, unainyanyua taratibu, unakwangua gasketi ya zamani iliyokauka kama kamba ya kiatu, unafuta mpaka mkono ukipita hausikii kitu. Kisha unaweka mpya, na silikoni kidogo tu, kiasi cha punje ya maharage, pale pembeni kava ya cheni inapokutana na kichwa cha injini. Sio kuzunguka gasketi nzima. Hapo pawili tu.

Muda wa kukauka silikoni nao uhesabu. Soma kwenye tyubu, nyingi zinataka usiku mzima ndo zikomae. Kama gari unaihitaji Jumapili kwa ajili ya kanisa au harusi ya mtu basi Jumamosi jioni sio muda wa kuanza.

Hatari ukikosea. Hapa nikae kidogo. Jumamosi moja niko Tabata, nimemaliza kila kitu, nafunga bolti ya mwisho ya kava. Bolti hizo ni ndogo na zinaingia kwenye aluminiamu, zinataka nguvu kama ya Nm 10 tu, yaani racheti fupi na vidole, hata mkono mzima haitaki. Mi nikasema ngoja niongeze kidogo isije ikavuja tena. Kuna kitu kinatokea sekunde moja kabla bolti haijakatika: inakuwa laini. Unavuta na haikazi, mkono unahisi kama umelegeza badala ya kukaza. Ukihisi hivo SIMAMA. Mi sikusimama. Ikakatikia ndani, ikabaki kipande kama cha kucha. Fundi alikuja kuitoa kwa kuigonga pembeni taratibu na patasi ndogo mpaka ikaanza kuzunguka, robo kwa robo, mi nimesimama na tochi natokwa jasho kuliko yeye.

Na hiyo ni hatari ndogo. Kubwa ni kuingia chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Ile jeki ndogo inayokuja na gari ni ya kubadilishia tairi, sio ya kulalia chini yake, na matofali yanapasuka bila kukuaga. Kama huna stendi, kazi za chini sio zako, mazungumzo yameisha. Fanya za juu tu.

Nyingine za kijinga lakini za kweli: filta mpya kufungwa juu ya mpira wa filta ya zamani uliobaki umenata kwenye injini, ukiwasha oili inamwagika kama bomba limepasuka. Pitisha kidole kabla hujafunga mpya, paka mpira wake oili, ikigusa ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono, basi. Na bolti ya sampu ukiikaza kwa hasira unakula nyuzi za sampu, kisha unaanza kuvuja mahali ambapo palikuwa pazima.

Uhakika. Ukiwa umeosha na umefuata mstari, uhakika ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hakuna anayekuharakisha, na gasketi umeinunua mwenyewe na umeishika. Ila ukikosea hakuna wa kumlaumu wala wa kumrudishia.

Inamfaa nani. Mtu mwenye mvujo wa juu au wa bolti, filta na swichi, ana gari ya pili au haendi mbali, na anapenda. Neno kupenda nimeliweka makusudi, ukifanya kwa kununa utaruka hatua.

2. Fundi wa mtaani, spea unanunua wewe

Hela. Ufundi ni rahisi na mnaelewana palepale. Siri ni kununua spea mwenyewe au kwenda naye dukani, maana fundi akienda peke yake bei inarudi imenenepa, sio wote, ila we unajua. Beba gasketi ya zamani mkononi au namba ya chesisi, usiende kusema tu "naomba ya IST", maana kuna IST ya cc 1300 na ya 1500 na injini zake ni tofauti.

Muda na vifaa. Haraka kuliko njia zote. Anakuja mpaka nyumbani na begi lake, ndani ya saa mbili ameondoka. Vifaa vya kushushia giaboksi anavyo au anaazima kwa mwenzake.

Hatari. Kwanza ni utabiri wa macho. Mi niliambiwa hivi, baada ya kuchungulia kwa sekunde kumi:

"Bosi, hii lazima tushushe giaboksi. Oili sili ya nyuma imekufa."

"Fundi, naomba tuoshe kwanza tuangalie."

"Kuosha tena bosi? Haya, we ndo mwenye gari."

Tukaosha. Ilikuwa tapeti kava, kona ya nyuma, oili inashuka ukutani kwa injini inaenda kudondokea palepale giaboksi inapoanzia. Ningekubali ningelipia kazi ya siku nzima na mvujo ungebaki vilevile. Na sidhani alitaka kuniibia, ukichungulia kutoka chini ndivyo inavyoonekana, na yeye ana wateja wengine watatu wanamsubiri.

Ya pili ni silikoni. Kuna mafundi kwao silikoni ni kama ugali, haiishi. Wanapaka mpaka inafurika, na kila inayofurikia nje ujue kuna nyingine imefurikia ndani. Vile vipande vikikatika vinashuka kwenye sampu vinaenda kukaa kwenye chujio la pampu ya oili, injini inaanza kukosa oili huku stiki inasema imejaa. Huo ni ugonjwa mbaya kuliko mvujo wenyewe. Kwa hiyo simama naye wakati anapaka, sema tu "fundi kidogo inatosha", hatachukia.

Na usikubali dawa ya "tuweke oili nzito itaacha kuvuja". Gari inayotaka oili nyepesi ya 5W-30 ukiipa nzito ya 20W-50 mvujo unaweza kupungua kidogo kwa muda, ila gasketi iliyokauka haijapona, na hizi injini za VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa valvu kufunguka) zinategemea oili nyepesi ipite kwenye vinjia vyembamba.

Uhakika. Unategemea mtu, sio kibao cha gereji. Fundi anayekaa sehemu moja miaka mingi ikivuja tena unamkuta, anarudia bila maneno. Deiwaka aliyekuja kwa simu ya rafiki wa rafiki, simu yake kesho haipatikani.

Inamfaa nani. Mtu ambaye tayari anajua oili inatokea wapi na anataka mikono tu. Yaani uchunguzi fanya wewe, spana ashike yeye. Kwangu mi huu ndo mchanganyiko ninaoutumia mara nyingi, na ndo maana uchunguzi nimeuandika mrefu kule juu.

3. Gereji kubwa yenye lifti na risiti

Hela. Utalia kidogo. Unalipia lifti, kiti cha kusubiria, mtu wa mapokezi na ile AC. Nyingi zinataka watumie spea zao, na wengine watakuongezea orodha, mara mauntingi, mara shokamzoba, vingine ni kweli vingine subiri mshahara. Omba waandike kwanza makadirio, na sema spea ya zamani unaondoka nayo.

Muda. Kupata nafasi kunaweza kuchukua siku, kazi ndogo gari inaweza kulala. Vifaa ndo penyewe hasa, gari ikipanda juu na taa nzuri, kuona oili inatokea wapi ni dakika chache, na baadhi yao wanaweka rangi maalumu ndani ya oili kisha wanamulika na taa ya bluu, mvujo unang'aa kama kimulimuli.

Hatari. Ndogo kwa injini, kubwa kwa mfuko. Ingawa usilale usingizi kabisa, gari haishikwi na jina la gereji, inashikwa na kijana mmoja huko nyuma, na anaweza kuwa wa wiki ya pili kazini. Nimewahi kurudishiwa gari na plagi ya koili moja haijachomekwa vizuri, inatetemeka, nikairudisha wakaiweka sawa bila hela. Hiyo ndo faida yenyewe, pa kurudi papo.

Uhakika. Ukipewa karatasi inayosema kazi ina gerentii ya muda fulani, una kitu mkononi. Bila hiyo karatasi unalipia kiti cha kusubiria tu.

Inamfaa nani. Mvujo wa oili sili ya nyuma, kava ya cheni, au sili za mbele kwenye gari yenye mkanda wa taimingi (unaofanya krenki na valvu ziende pamoja). Hiyo ya mkanda nisisitize: kufika kwenye zile sili lazima mkanda utoke, na ukiurudisha umeruka jino kuna injini ambazo pistoni zinakutana na valvu, na hapo mazungumzo ni ya injini ya mtumba. Pia wenye Subaru, injini imelala, tapeti kava ziko ubavuni huko chini na nafasi ya mkono hakuna, na oili yake ikivuja inapenda kudondokea eksozi. Hapo niliposema usinifuate ndo hapa.

4. Kuongeza oili na kusubiri

Wengi wataicheka hii lakini ni chaguo halali, ilimradi uwe umelichagua kweli, sio umelisahau.

Hela. Ndogo leo. Unanunua lita moja unaweka kwenye buti. Ila ijumlishe kwa miezi sita, kuna mvujo ambao oili unayoongeza inafika bei ya gasketi na ufundi, tena na mwenye nyumba anataka pevingi yake.

Muda na vifaa. Kitambaa na stiki. Pima kila Jumapili asubuhi gari ikiwa imepoa na iko tambarare, andika kwenye simu. Gari nyingi ndogo kutoka alama ya chini mpaka ya juu ni kama lita moja, kwa hiyo ukijua umeshuka nusu kwa wiki tatu unajua spidi ya mvujo wako. Usijaze kupita alama ya juu kwa kujihami, ukizidisha sana krenki inaipiga oili inatoka povu, na povu halilainishi.

Hatari. Inategemea mambo mawili. La kwanza oili inadondokea wapi: ikigusa eksozi unasikia harufu ya kuungua ukisimama foleni, unaona moshi mwembamba kwenye boneti, hapo kusubiri kumeisha maana huo ni moto unatafuta siku. Ikigusa mkanda wa alternata mkanda unavimba na kuteleza. La pili ni usahaulifu wako. Ile taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili sio ya kukukumbusha uongeze, inakwambia presha hamna sasa hivi. Ikiwaka weka pembeni, zima injini palepale, usiseme nifike sheli ile pale.

Zile dawa za chupa za kuzuia mvujo nazo ziko hapa. Zinafanya kazi kwa kulainisha na kuvimbisha mpira uliokauka, kwa hiyo sili inayotoa jasho zinaweza kuisaidia kwa muda. Gasketi iliyopasuka au silikoni iliyoachia ya sampu haziijui kabisa.

Uhakika. Hamna, mvujo haujawahi kupona kwa kuonewa huruma. Ila unaweza kukaa vilevile mwaka mzima.

Inamfaa nani. Gari ya zamani inayotoa jasho tu bila kudondoka, au yenye sili ya nyuma inayoacha tone moja usiku na kuishusha giaboksi ni karibu robo ya thamani ya gari, au mtu anayeiuza karibuni (mwambie mnunuzi lakini). Na yule anayejijua anapima kweli. Kama mara ya mwisho kushika stiki ilikuwa siku unanunua gari, hii sio yako.

Sasa wewe uko wapi?

Kama umeosha, umeona ni tapeti kava, bolti, filta au swichi, una soketi na Jumamosi iko wazi, fanya mwenyewe. Ukiona bolti inakuwa laini umeshajua.

Ni zilezile lakini gari ndo inayokuingizia hela, teksi ya Bolt au kupeleka mizigo, mpe fundi wa mtaani unayemjua, nunua spea jioni, aje alfajiri, na silikoni aipake ukiwepo.

Ni sampu: kwenye hizi Toyota haina gasketi ya karatasi, imegandishwa kwa silikoni, kuibandua bila kuipinda ni kazi ya subira na lazima gari iwe juu. Kama una stendi na unajiamini jaribu, kama huna mpe mwenye lifti au shimo.

Umeambiwa ni sili ya nyuma: usimpe mtu hela kabla injini haijaoshwa na tapeti kava haijaondolewa kwenye washukiwa. Ikithibitika bado ni yenyewe, pima wiki nne. Ikishuka kidogo ongeza na endelea, ikishuka sana tafuta gereji yenye gerentii, na giaboksi ikiwa chini waangalie na vingine vya humohumo ndani, usije ukalipia kuishusha mara mbili.

Una safari ya Mwanza au Mbeya wiki hii na hujui inatokea wapi: lipa gereji yenye lifti wakwambie tu inatokea wapi, hata kama matengenezo utafanya kwingine.

Hujui kabisa na hujisikii kuosha, basi angalau omba boksi jeupe la bure pale dukani kwa Mangi, weka chini leo usiku. Na oili chafu ukishamwaga usiitupe mtaroni, iweke kwenye dumu uwapelekee gereji, au kuna mzee mtaani kwako ana boriti zinaliwa na mchwa, anaitafuta hiyo.